Mawe ya Msingi ya Uwanja Wetu

Mume wangu ni fundi mwashi. Katika maisha yake amejenga nyumba za watu na mawe ya msingi ya mawaziri. Nyumba zote zilikwisha na watu wanalala ndani yake. Mawe yamebaki mawe.

Ujanani alikuwa winga wa timu ya mtaa, wakimwita Upepo. Golini alisimama rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyeitwa Nyavu kwa kuwa mipira ilimpita yeye ikaishia huko. Walicheza kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu, vumbi tupu na magoli ya miti. Ndipo akaja waziri wa michezo, wa kwanza kutia mguu kwetu, akatangaza kwamba hapo patajengwa uwanja wa kisasa wa vijana. Upepo akapewa kibarua cha kujenga ukuta mdogo na kubandika bamba la marumaru lenye jina la mheshimiwa. Mheshimiwa akavuta kamba, pazia likafunguka, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Haukupita muda, uwanja mzima ukazungushiwa mabati. Tangu hapo hakuna aliyejenga wala aliyecheza.

Wizara yenyewe ilihamahama kama mpangaji aliyechokwa. Mara michezo iko chini ya Elimu, mara imepelekwa Utamaduni, mara vijana wametolewa Kazi wakaunganishwa nayo. Kila ilipohama alikuja waziri mpya, na waziri mpya hawezi kusimama mbele ya jiwe la mwenzake. Basi jiwe la zamani linang'olewa, linatupwa majanini, na Upepo anaitwa kubandika jingine. Moja la hayo nililibeba mwenyewe nikawa nafulia juu yake. Siwezi kusema uongo, juu ya marumaru nguo hutakata vizuri.

Halafu Nyavu akateuliwa. Mtaa ulicheza ngoma siku hiyo, maana mtoto wetu amekuwa Waziri wa Vijana na Michezo! Mume wangu akamfuata ofisini na ombi moja tu, mabati yatoke watoto wacheze wakati ujenzi unasubiriwa, kwa sababu binti yetu na wenzake walikuwa wanacheza barabarani. Nyavu akamkumbatia, akamwagizia chai, akasema, "Ndugu yangu, nipe muda." Kisha akaongeza mlinzi getini.

Lori lilimgonga binti yetu akiufuata mpira. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Nyavu alikuja wodini na mpiga picha. Alileta mpira mpya, akauweka juu ya shuka, pale pale ambapo mguu ulitakiwa kuwa, maana ndipo palipokuwa na nafasi. "Shemeji, pole sana," aliniambia huku akitazama kamera. "Mipango ya Mungu." Nilimchukia mpaka nikasikia ladha ya chuki mdomoni. Nikala yamini kwamba atalipa, na kama si kwa mkono wangu, basi kwa mkono wa mume wangu.

Sikungoja sana. Afisa wa wizara alipiga simu kwamba jina la wizara limeongezwa neno, na Nyavu anakuja kuweka jiwe upya. Upepo alikata simu, akaliweka chini karai la saruji lililokuwa mapajani. Ni mtu mpole, nilidhani atakataa tu yaishe.

"Utaenda?" nikamuuliza.

"Naenda. Leta hilo jiwe lako la kufulia."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Nililisugua sabuni yote ikatoka. Yale mengine aliyafukua mwenyewe majanini, akiwa ndani ya mabati, akaurefusha ukuta, na mlinzi hakujali. Fundi anafanya kazi yake, amwulize nini? Watu wa wizara huwa hawakagui ukuta. Wanachokagua ni pazia, kama limenyooka na kama kamba inavutika. Afisa alipofika akakuta pazia refu kuliko miaka yote. Akafurahi. "Safari hii umetuheshimisha, fundi."

Nyavu alihutubia, akasema yeye si mtu wa maneno. Akavuta kamba. Pazia likaanguka, na hapo ukutani yalikuwa yamejipanga mawe yote, la kila waziri na jina lake, kila moja likisema yeye ndiye aliyeweka jiwe la msingi la uwanja huu wa vijana. La Nyavu lilikuwa la mwisho, saruji bado mbichi.

Bibi mmoja akaanza kuyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Kicheko kikaanzia mbele, kikasambaa mpaka nyuma. Mwandishi akauliza, "Mheshimiwa, na hili lako nalo litang'olewa lini?" Kisha mtu akapaza sauti, "Mabati!" na wengine wakapokea: "Mabati! Mabati!" Nyavu alilowa jasho hadi kwenye kola. Mimi nilimkodolea macho, nikilifurahia kila tone.

"Yatoke," akasema kwenye kipaza sauti. "Leo hii hii."

Mume wangu hakungoja arudie. Alishika mtaimbo akaling'oa bati la kwanza, watu wakavamia yaliyobaki, na wasichana wa timu ya binti yetu wakaingia wakikimbia na kupiga kelele. Binti yetu alisimama kando na magongo yake, akawaangalia.

Nyavu akanisogelea, kamera ziko mbali. "Shemeji, mmenivua nguo mbele ya watu. Haya, uwanja mmeupata. Yameisha, si ndiyo?"

"Uwanja umeurudisha, shemeji," nikamwambia. "Sasa lete mguu."