Boriti za Chumba cha Eda

Kazi yangu ni kuzitia nyumba kongwe za Mji Mkongwe ndani ya kompyuta: kuta, ngazi na boriti, kila kimoja pamoja na hali yake. Modeli hizo ndizo zinazoamua nyumba ipi itiwe nguzo kabla ya masika. Panapokosekana taarifa, programu hujaza pengo yenyewe kwa kulinganisha na vyumba vya jirani. Niliiamini, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa walioitengeneza.

Katika nyumba moja kulikuwa na chumba nisichoingia. Mwenye nyumba alikuwa amefiwa na mumewe, yumo edani, nami si maharimu wake. Nilisimama nje ya pazia pamoja na binti yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Andika huko kwenu: boriti za humu zimebunguliwa. Kila asubuhi nnaamka na unga kichwani. Ungekuwa wa ngano, ningeshakupikia chapati."

Tulicheka sote watatu. Binti akanyoosha mkono. "Nipe simu yako, nikupigie picha."

"Usijisumbue," nikamwambia. "Kompyuta itajaza."

Ikajaza. Marehemu alikuwa amebadilisha boriti za vyumba vinne vya ghorofa ile. Mauti yalimkuta hajakigusa cha tano. Programu ikakipa cha tano boriti mpya kama wenzake. Maneno yaliyosemwa nyuma ya pazia hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Au palikuwapo, nami sikupatafuta. Nyumba haikutiwa nguzo.

Dari iliporomoka adhuhuri moja ya mvua, bibi yumo ndani. Alikuwa amebakiwa na siku tisa kumaliza eda.

Baada ya maziko nilitumwa kusahihisha modeli. Binti alinishikia pazia. "Ingia," akasema. "Sasa hamna wa kumstahi."

Nilipima vichwa vya boriti vilivyosalia ukutani. Kimoja kilimumunyika, kikaniachia unga viganjani. Programu ilipoona chumba hakina dari, iliniuliza kama nataka ijaze. Nikakataa.

Binti alikuwa akichungulia juu ya bega langu. "Ile ya mwanzo ilisemaje?"

Ningeweza kumwambia imeshafutwa. Nikaifungua, nikamwonyesha: boriti kumi na mbili, hali nzuri, na chini yake jina langu.