Timu Niliyoishusha Bila Kuiona

Nakumbuka Jumapili moja ya Oktoba, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na kiburi cha watu wawili, nilipoketi hapahapa mtaani kwetu Flemingdon Park kupanga timu bora za vyuo vya Kanada nzima. Nilikuwa naandika michezo katika gazeti la wanafunzi. Kila wiki waandishi wa vyuo mbalimbali tulipiga kura, kila mmoja akitaja timu kumi, na mwisho wa msimu sita za juu zilialikwa kwenye mashindano ambako makocha wa ligi za kulipwa walikuja kuchagua vijana. Nasema mpira wa huku, ule wa kukumbatia kwapani na kugongana vichwa. Usicheke, niliujua kuliko baba yako.

Kura ya mwisho niliimaliza kabla chai haijapoa. Tano za juu zote zilikuwa za mkoa wetu wa Ontario, maana ndizo nilizozitazama. Wazee walisema, mwamba ngozi huvutia kwake. Ilikuwapo timu moja ya pwani ya mashariki, mbali huko, ambayo haikuwa imepoteza hata mechi moja. Nikajiambia, kule wanashindana wanyonge kwa wanyonge, nikaiacha nje ya kumi. Mechi zake hazikuonyeshwa huku, nami sikujisumbua kuzitafuta.

Kura zetu zote zilipojumlishwa, timu ile ikawa ya saba. Ningeipa hata nafasi ya nane, ingeingia sita za juu.

Gazeti letu lilikuwa na desturi ya kuchapisha kura ya kila mwandishi na jina lake. Jumapili iliyofuata Mama Furaha, jirani yetu wa mlango wa pili, akabisha hodi na gazeti mkononi, bado kavaa kitenge cha kanisani. Nilijua mwanawe Baraka anasoma huko mashariki. Kwamba anacheza mpira, sikuwahi kuuliza.

"Mwana yangu," akasema taratibu, "hii ekipe ya Baraka, uliionaka?"

"Hapana, Mama. Mechi zao hazifiki huku."

Akaketi. "Mimi nilizalisha wanawake miaka kumi na tisa kule Bukavu. Huku wakaniambia ile kazi haihesabiwi, hawakuiona. Barua ya kuwalalamikia, ni wewe uliniandikia. Sasa wewe na wao, tofauti ni nini?"

Barua ile niliiandika kwa hasira ya kweli, kwa kuwa mkunga mzima alikuwa anaogesha wazee na kuambiwa hana uzoefu wa Kanada. Nyani haoni kundule. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama usoni. Nilikimbilia kwa mhariri nikaomba kura ibadilishwe, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Baraka hakuonekana na kocha yeyote, na mwaka uliofuata akauacha mpira. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma zaidi.

Msimu mwingine nilianza kuomba kanda za video kutoka kwa waandishi wa mikoa ya mbali. Nilipokosa kanda, niliandika wazi kwamba timu fulani sijaiona, siwezi kuipima. Mhariri alichoka, akampa mwingine kura yangu. Siku hizi mechi zote ziko kwenye simu, na bado nawasikia wachambuzi wakizishusha timu za mbali kwa mazoea tu.

Juzi umeniambia kazini kwenu umewekwa kwenye kamati ya kuchuja wanaoomba kazi. Nimefurahi, na nimeogopa kidogo. Mimi sikumchukia mtu nilipopiga kura ile. Ilikuwa kura ya uvivu, na kura ya uvivu inaumiza sawasawa na ya chuki. Ukikuta chuo usichokijua au mji usioweza kuutamka, usimshushe mwombaji kwa sababu hujafika alikotoka. Uliza, piga simu, soma karatasi mara ya pili. Na ukiwa hujui, sema hujui, hata wakikunyang'anya kiti.

Mungu akupe macho ya kuwaona walio mbali nawe. Na siku jina lako litakapokuwa mezani kwa wengine, akukutanishe na mtu atakayejisumbua kukutazama. Amina.