Kicheko Nilichokizuia

Mikono ya mchekeshaji wetu haikutulia hata akiwa ameketi. Ilizungusha kofia, au iligonga meza ili ajue kama itamhimili mtu akiiangukia. Zamani za filamu bubu, hapa Hollywood, mimi ndiye seremala niliyemtengenezea ngazi za kuangukia. Kamera ilipokuwa ikipiga picha tulicheka kwa sauti, mafundi sote, naye alikisikiliza kicheko chetu ili ajue wakati wa kuinuka. Kisha vikaja vipaza sauti vya kunasa kila mlio kwenye filamu, na ukikohoa tu unafukuzwa kazi. Mchekeshaji wetu akawa anapewa nafasi za kuigiza watumishi na makarani wazee.

Siku moja alimwomba mwongozaji, Bwana Pruett, amruhusu aanguke na sinia la chai.

"Mara moja tu, babu," Pruett alisema. "Na vikombe vyangu usinivunjie!"

Alianguka kama shati linaloteleza kambani, sinia likabaki juu, hakuna kikombe kilicholia. Nilijiuma ngumi hadi ikatoka damu nisicheke. Yeye alibaki sakafuni, akisikiliza. Aliinuka polepole, akajipangusa magoti.

"Unaonaje mwenyewe?" Pruett aliuliza.

"Iondoe sehemu hiyo, Bwana. Si umewasikia mafundi? Hata mmoja hakucheka."

"Haya, basi fungua mlango, wageni waingie."

Nilipiga hatua nimwambie, lakini kengele ya kunyamaza ikalia, nikaiogopea kazi yangu. Aliufungua mlango vizuri sana. Miaka kumi na miwili baadaye, katika filamu za watu wengine, alikuwa bado anafungua milango.