Neno "patient" lilivyomfukuza mama na mtoto wake kliniki

Wakuu, habari za mchana. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi siongezi.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu. Nilikimbilia Kampala, nikapanga chumba Lubaga, nikapata kazi ya usafi kwenye kliniki moja Bukoto.

Daktari wa pale hakujua Kiswahili. Wakija Wakongo, ananiita niache kudeki nikatafsiri. English yangu ilikuwa ya kuokoteza, ila nilinyamaza. Nilipenda kuitwa.

Siku moja akaja mama wa kwetu, mtoto anaungua homa. Wakamtoa mtoto damu. Mama akawa anauliza majibu kila dakika. Daktari akaniambia, "Tell her to be patient."

Hilo neno nilikuwa nalijua! Liko mlangoni, nalifuta vumbi kila asubuhi: PATIENTS. Wagonjwa.

Nikamwambia, "Mama, daktari anasema na wewe uwe mgonjwa."

Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Majibu yakaja: malaria kali. Mama hayupo.

Nesi wetu Mkenya, dada Akinyi, ndiyo kwanza anaingia zamu, akaniuliza nilimwambia nini hasa. Nikamweleza. Akakaa chini.

"Umemtakia ugonjwa," akasema. "Aliambiwa awe na subira."

Nilitoka mbio na gumboots zangu. Nikamkuta karibu na soko, anatafuta boda ya kwenda kwa mchungaji mtoto akaombewe. Akakataa kurudi, eti tumemlaani.

"Kosa ni langu, mama. Daktari alisema uvumilie. Mimi Kiingereza sikijui."

Ndiyo mara ya kwanza nalitamka hilo mbele ya mtu.

Akarudi. Mtoto akatibiwa, akapona.

Wiki hiyo nikaazima dictionary ya dada Akinyi. Kumbe "patient" imetoka Kilatini, neno la kuteseka na kuvumilia. Mgonjwa na mvumilivu, mzizi mmoja! Niliusoma ule ukurasa mpaka nikaukariri.

Nikajiwekea sheria: maneno matano kila siku kabla sijagusa ndoo. Nimechoka, naumwa, ni matano.

Ilichukua miaka miwili. Leo mimi ni mkalimani wa kliniki ileile. Nisipoelewa neno, namsimamisha daktari palepale, mgonjwa akiona. Daktari hukasirika. Namwacha akasirike.

Nilichojifunza: neno unalodhani unalijua ndilo la kuuliza kwanza.

Nyie ni neno gani liliwahi kuwaumbua? Mwageni hapa, hakuna wa kumcheka mwenzake.