Germain kwenye Kiti cha Nyuma

Miaka kumi na minane Germain alibeba watu kwa pikipiki Likasi nzima, na barabarani hakuanguka hata mara moja. Alikuja kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, akipigilia bati! Kifundo cha mguu wa kulia kikapondeka, na mguu wa kulia ndio wa breki. Kazi ikaisha hivyo.

Mke wake, Eugénie, hakukaa kulia. Miezi minne alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, watu wakimcheka, kisha akaanza kwenda ziwa Tshangalele kuchukua samaki wa kuuza. Tangu siku hiyo Germain hakupata amani. Akamwekea sharti: atapanda nyuma yake mara moja, ajionee. Akiona kosa moja tu, pikipiki inauzwa, na Eugénie anarudi kugombania nafasi kwenye taxi-bus na kapu la samaki linaloanza kunuka.

"Sawa, Papa Bénie," alijibu, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Lakini usinipigie makelele."

Wakati wa kwenda, Germain alijikaza akanyamaza. Kurudi ndiko kulikomshinda. Vumbi la Agosti lilikuwa jekundu, na mbele yao kamyo, lori kubwa la madini, lilikuwa likipanda kilima kwa kujikokota, likilitimua lote usoni mwao. Eugénie akapunguza mwendo, akabaki mbali nyuma ya kamyo.

Aka! Huyu mama anangoja nini? Hapo hapo, kwenye ule mti ulioungua, Germain alikuwa akiyapita makamyo kila siku ya Mungu. Mguu wake mbovu ulikuwa ukikanyaga breki ambayo haikuwepo, maumivu yakimpanda mpaka gotini.

"Pita!" alipayuka. "Pita sasa!"

"Sioni mbele!"

"Minye najua hii barabara! Pita!"

Na kabla hajajua anafanya nini, mwili wake ukalalia kushoto, kama ulivyozoea miaka yote ile alipokuwa ameshika usukani yeye. Pikipiki ikafuata uzito wake. Ikaingia katikati ya barabara, ndani ya vumbi.

Honi ikalia. Taa mbili zikatokea, kamyo la pili, linateremka.

Eugénie hakupiga kelele. Alijitupa kulia kwa nguvu zake zote, bega likamgonga Germain kifuani na kumrudisha. Kamyo likapita. Angenyoosha mkono, angeligusa.

Walisimama majanini. Samaki wawili walikuwa wamedondoka, na hakuna aliyewaokota. Eugénie alishindwa kuzima injini mara ya kwanza. Germain aliona aibu, akaogopa, na hakujua kipi kilitangulia.

"Papa Bénie," mke wake alisema mwishowe, bila kugeuka. "Minye najua kuendesha. Weye haujue kubebwa."



"Sasa nifanye nini?" Germain aliuliza.

"Angalia bega langu. Kwenye linaenda, na weye uende. Basi."

Njia yote iliyobaki aliliangalia bega lile, kitenge chenye maua ya manjano, kipande kimoja cha nguo, na barabara hakuitazama tena. Ilimchosha kuliko siku nzima ya kazi.

Walipoingia mjini, motari, wabeba-abiria wenzake wa zamani, walikuwa kwenye kituo chao, wakingoja kwa hamu matokeo ya lile sharti. Steve ndiye aliyeruka wa kwanza.

"Eh, mukubwa! Mama amekosea wapi? Tuambie, tucheke!"

Eugénie alizima injini, akachomoa ufunguo, akamnyooshea mume wake. Germain aliutazama. Akausukuma mkono ule taratibu, akavikunja vidole vya mke wake juu ya ufunguo.

"Ilibaki kidogo nimuue," aliwaambia.

Hakuna aliyecheka.