Glavu ya Emmett Kratzer

Emmett Kratzer alianza kuchoka mwezi wa Juni, na hadi Septemba hakuwa amepata nafasi ya kupumzika. Ligi ndogo za besiboli kule Pennsylvania hazikumbembeleza mtu. Unacheza juani na jezi ya sufu isiyofuliwa, unapanda treni na jasho lako, unalala kitanda kimoja na mwenzako anayekoroma, kesho yake unacheza tena. Magoti yake yalinuka dawa ya kuchulia farasi. Wenzake walimwita Mzee, na hata arobaini alikuwa hajafika.

Siku ya mwisho ya msimu wa 1909, timu yao ya Coalbrook ilikuwa inacheza na Harnley, na atakayeshindwa ndiye angeburuta mkia wa ligi. Meneja Haggerty alimvuta Emmett pembeni.

"Mzee, mwenye timu keshasema. Tukiburuta mkia, mwakani anafagia wote wenye magoti mabovu. Tukishinda leo, nafasi yako ipo."

"Na magoti yangu?"

"Hayo utajuana nayo mwenyewe."

Kukosa nafasi maana yake ilikuwa moja: kurudi shimoni kuchimba makaa ya mawe, kazi iliyomuua baba yake kwa kikohozi. Emmett aliliogopa lile shimo. Uchovu wa uwanjani angalau ulikuwa na jua.

Sasa, enzi hizo zamu ya timu kugonga mpira kwa gongo ikifika, wachezaji hawakwenda benchini na glavu zao za kudakia. Waliziangusha uwanjani wakaziacha, na wapinzani wakacheza katikati yake bila kulalamika. Emmett, aliyelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, katika vile vinne ambavyo mgongaji huvizunguka mbio ili apate pointi, alikuwa na mahali pake pa kuiweka: nyuma, pale majani yanapoanza. Siku hiyo, kabla ya zamu ya mwisho, aliyatazama majani yale. Hayakuwa mbali. Magoti yakakataa. Akaiangusha glavu palepale aliposimama, kwenye udongo.

"Mzee, unapanda mbegu?" kijana mmoja wa Harnley akamtania.

"Napanda. Wewe utamwagilia."

Coalbrook walikuwa nyuma kwa pointi moja. Emmett aligonga akafika kituo cha kwanza, na wenzake walipogonga baada yake akasogea hadi cha tatu. Mwenzake mwingine alikuwa cha pili. Wawili walikwisha kutolewa. Akitolewa wa tatu, mchezo umekwisha. Aliyeshika gongo alikuwa Dutch Moyer. Akigonga vizuri, Emmett anasawazisha na yule wa nyuma yake analeta ushindi.

"Kimbia, Mzee!" mtu akapiga kelele jukwaani. "Hata kwa mkongojo!"

Moyer akagonga. Mpira ukaenda chini, mkali, kwenye mwanya ambao hakuna mlinzi angeuwahi. Emmett aliuona umetoka akajitupa mbele. Alikimbia na magoti yanalia, akakanyaga kituo cha nyumbani, cha nne na cha mwisho, akainua mikono juu. Alifurahi mno, furaha ya mtoto. Nafasi ipo! Kisha akajiuliza mbona watu kimya.

Akageuka. Mpira ulikuwa umegonga glavu yake ukafia hapo hapo. Yule kijana wa Harnley alikuwa ameshauokota na kuurusha kituo cha kwanza kabla Moyer hajafika. Wa tatu huyo. Mgongaji akitolewa hivyo, mbio za Emmett hazikuhesabiwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Emmett chake alikivua mwenyewe akakitega.

"Kratzer!" jukwaa likaangua kicheko. "Huo ndio mpira bora uliozuia mwaka huu, na wewe hukuwepo!"

Haggerty hakucheka. Alimpita akielekea mlangoni.

"Glavu ningeichukua mwakani, Mzee," alisema. "Wewe, pole."

Watu walipotawanyika, Emmett alikwenda kuichukua glavu. Akaipangusa udongo. Miguu ikampeleka nyuma, ile safari fupi aliyoikataa, mpaka majani yanapoanza. Akaiweka chini vizuri, akaanza kurudi benchini.

"Kratzer!" aliita Pfeiffer, mtunza uwanja, reki mkononi. "Umesahau glavu yako."

"Sijasahau. Hapo ndipo mahali pake."

Pfeiffer alimtazama kwa huruma.

"Mchezo umekwisha, ndugu yangu. Nenda nayo nyumbani."

Emmett akageuka kuifuata, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu Juni hakuna aliyemhimiza akimbie.