Mayai Kabla ya Siku ya Saba

Senga wangu aliyahukumu mayai siku ya saba. Nilimwita senga, kama Kampala nzima inavyomwita dada wa baba, ingawa sisi ni Wakenya tuliohamia hapa baba alipopata kazi kwenye viwanda vya karibu na Bugolobi. Yeye alikuwa akiangua vifaranga Mengo, katika chumba kilicho nyuma ya duka lake. Siku ya saba ya kila kundi alizima taa, akavuta pazia, kisha akaweka yai moja moja juu ya tochi ya simu. Yai lenye mishipa myekundu lilirudi kwenye mashine. Yai jeupe tupu aliliita viza na kuliweka kando bila kulitazama tena.

"Kabla ya siku ya saba kuna nini humo?" nilimuuliza siku moja.

"Maji, we mtoto. Maji tu."

Sikumwamini. Ila hata kitabu changu cha biolojia sikukiamini. Kilieleza kwamba kifaranga huanza kama utando mwembamba wa seli za epithelia, zimepangana bega kwa bega na kushikana. Halafu, siku hiyo hiyo ya kwanza, baadhi huachiana, hupoteza umbo lao na kuzama chini ya wenzao. Huko zinakuwa mesenkima, seli za kutembea, na baadaye ndizo hujenga misuli, damu na moyo. Safari yote hiyo ilichorwa kwa mishale. Nilimuuliza mhadhiri wetu chuoni ni nani aliyewahi kuuona mshale ndani ya yai. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Maabara iko wazi Ijumaa mchana," alisema. "Lete mayai."

Alhamisi jioni nikaenda kwa senga kuomba mayai kumi na mawili, yalale kwenye mashine usiku mmoja tu.

"Unataka kuyala?"

"Kuyatazama."

"Yai la siku moja! Chuo kikuu kimekuharibu." Lakini aliyachagua kwa uangalifu, akiyageuza mkononi. Alipofika yai la tano akasema, bila kuinua kichwa, kwamba hospitali imemwambia uvimbe wa titi lake la kushoto ni saratani. Walitaka kumpasua Jumatano. Hakuwa na mpango wa kwenda.

Jirani yake, mama anayeuza nyanya mlangoni, akadakia kabla yangu.

"Asiende! Kisu kikigusa kitu kile, kinatawanyika mwili mzima. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona kwa nani?" nilimuuliza.

"Mke wa mjomba. Alipasuliwa, miezi miwili tukazika."

"Kabla ya kupasuliwa alikaa nao muda gani?"

"Miaka miwili hivi. Alikuwa anakunywa mitishamba."

"Sasa kwa nini unalaumu kisu?"

"Bambi, maskini, mtoto huyu anabishana hata na kaburi!"

Jirani akacheka; senga hakujiunga naye. "Wewe ndiye unayesoma," aliniambia. "Kisu kinatawanya ama hakitawanyi?"

Nilitaka sana kusema hakitawanyi, nimalize. Lakini nilikuwa nimezoea kuwadai watu wengine ushahidi, na mimi sikuwa nao. Nikamwambia nitarudi.

Kesho yake niliharibu mayai saba. Kiini kilipasuka, au utando ulikunjamana kama karatasi iliyolowa. Yai la nane likakubali. Niliubandika utando kwenye kipete cha karatasi, nikaukata pamoja nacho, nikauosha kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, nikaunyunyizia vumbi la mkaa laini kabisa, ili chembe zake zionyeshe seli zinakokwenda. Nikafunga simu kwa mpira juu ya lenzi ya hadubini, ipige picha kila dakika, nikakaa kuusubiri mchana uishe.

Jioni nikazichezesha picha zote kwa mfululizo.

Chembe za mkaa zilikuwa zinasafiri! Zilitoka kulia, zilitoka kushoto, zikielekea mstari mmoja katikati. Zilipoufikia, moja baada ya nyingine, zikatumbukia na kupotea, zimebebwa na seli zilizokuwa zikizama. Nilipiga kelele mpaka mhadhiri akaja mbio akidhani nimeunguza kitu. Nikamwonyesha mshale wangu. Akaomba kuuona tena, na mimi tayari nilikuwa natafuta bodaboda ya kwenda Mengo.

Senga aliitazama video mara tano, simu karibu iguse pua yake.

"Hili ni yai langu?"

"Lako. La jana."

"Na mimi nasema ni maji." Akatikisa kichwa. "Nani anaziambia ziachiane?"

"Seli jirani zinatuma ishara. Zenyewe zinazima kile kinachozishikanisha."

"Bila kisu?"

"Bila kisu."

Hapo nikamweleza yote niliyoyajua. Saratani yake ilianzia kwenye seli za safu kama zile, zinazotanda ndani ya mirija ya maziwa. Baadhi ya seli za saratani huufufua ule ujuzi wa ndani ya yai, zikaachiana na kuondoka. Watafiti bado wanabishana ni mara ngapi zinahitaji njia hiyo. Sikumficha pia kwamba kidonda chochote huziamsha seli za pembeni yake, ndivyo ngozi inavyojifunga, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kisu hakisumbui kitu. Lakini uvimbe ulioachwa unapewa muda, na ujuzi wa kutembea hausubiri kisu.

"Zangu zimeshaanza kutembea?"

"Sijui, senga."

"Daktari anajua?"

"Hajui kwa hakika mpaka autoe. Wataukata vipande vyembamba, wavitazame kwa hadubini, pamoja na tezi za kwapani."

Aliligusa kwa kidole yai lililokuwa juu ya trei.

"Kumbe mimi nimekaa hapa nikingoja siku ya saba," alisema. "Jumatano unanisindikiza."

"Heh!" mama wa nyanya akaruka. "Kwa sababu ya video ya mkaa?"

"Wewe uza nyanya."

Jumatano, akiwa tayari kitandani, alimuuliza daktari wa upasuaji kama wataumulika uvimbe mpaka kingo zake, kama yai. Daktari akanigeukia mimi, nikatazama dari.

Majibu yalipotoka, kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, hazina saratani. Tezi moja ya kwapani ilikutwa na seli za saratani, naye akaanzishiwa dawa, ambazo mpaka leo anaendelea nazo.

"Moja ilishatembea," aliniambia tukitoka hospitalini, sauti yake nzima. "Ila imeonekana."

Wiki iliyopita nilimkuta dukani, kitambaa kichwani, simu mkononi. Mama wa nyanya alikuwa amekaa kwenye kreti kando yake, amenyoosha shingo.

"Rudisha nyuma kidogo," alikuwa akisema. "Hizo nyeusi zinaingia wapi?"